Kutengeneza mchezo wa maswali wa familia: safari ya reli kutoka Tabora hadi Kigoma

Mchezo wa maswali unaochezwa ubaoni na bibi, mama, kijana wa sekondari na mtoto wa darasa la pili kwa pamoja una maadui wawili. Wa kwanza ni swali lenyewe. Likiwafaa wakubwa, mtoto anakosa kila zamu na baada ya muda mfupi anaomba kwenda kulala. Likimfaa mtoto, wakubwa wanajibu huku wanaangalia simu. Adui wa pili ni kusubiri. Watu wanane wakicheza kila mtu peke yake, na zamu moja ikichukua sekunde 40, kila mmoja anangoja karibu dakika tano kabla ya kurusha dadu tena. Mtoto hangoji dakika tano. Kanuni zote zilizoelezwa hapa zimewekwa kwa ajili ya mambo hayo mawili, kwa hiyo ukitaka kubadilisha kitu, kwanza angalia kisije kikawarudisha.

Njia ya mchezo inafuata reli ya kati: unaanzia Tabora, unapita Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza, unaishia Kigoma ziwani. Wanaotoka upande huu wana kitu cha kusema kwenye kila stesheni, na hilo linasaidia kuliko mchoro wowote mzuri.

Hesabu kwanza, rangi baadaye

Wengi huanza kwa kuchora, kisha wanagundua mchezo hauishi hadi saa sita usiku. Anza na hesabu. Dadu yenye pande sita hutoa wastani wa 3.5. Kanuni yetu ni kwamba unasogea ukijibu sawa tu, na maswali yamepimwa ili majibu sita kati ya kumi yawe sahihi. Kwa hiyo zamu moja inakusogeza wastani wa hatua mbili na kidogo. Ubao wa vyumba 32 una hatua 31, yaani zamu 15 hivi. Ongeza zamu mbili au tatu kwa sababu kila kete inalazimika kusimama kwenye stesheni. Timu nne kwa zamu 18 ni zamu 72, na kwa sekunde 40 kila moja unapata dakika 48. Ukiongeza michezo ya stesheni, unamaliza ndani ya saa moja.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha madhara ya maswali magumu. Majibu sahihi yakishuka hadi manne kati ya kumi, mchezo unavuka saa nzima kabla hata ya kuhesabu stesheni. Ukiona mchezo unaburuta, usikimbilie kupunguza vyumba. Angalia maswali.

Timu ziwe nne, kila timu mkubwa na mtoto. Usipange baba na mama dhidi ya watoto. Watoto watajua wameshashindwa kabla ya kuanza. Ndani ya timu wanapokezana: zamu hii anajibu mtoto, inayofuata anajibu mkubwa. Anayengoja zamu yake katika timu hasemi kitu, isipokuwa msaada wake ununuliwe, kama tutakavyoona.

Ubao

Ubao unatokana na karatasi mbili za A3 zilizowekwa ubavu kwa ubavu zikiwa zimesimama wima, jumla sentimita 59.4 kwa 42. Chora safu nne za vyumba vinane. Kila chumba kiwe sentimita 6.5 kwa 6.5, kwa sababu kete zetu ni vizibo vya soda, kila kimoja kina upana wa sentimita 3 na kidogo, na mara nyingi timu mbili zitakuwa chumba kimoja. Vyumba vya sentimita 4 vinaonekana maridadi kwenye karatasi, ila mkono mmoja ukipita, kete zote zimehama na ugomvi umeanza. Kati ya safu na safu acha sentimita 3. Kwa vipimo hivyo ukingo unabaki sentimita 3.7 pembeni na 3.5 juu na chini.

Njia inakwenda kama nyoka: safu ya kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, ya pili inarudi. Chora mshale mnene kwenye kila kona, la sivyo mtu ataruka safu. Tabora ni chumba cha 1, Urambo cha 8, Kaliua cha 14, Nguruka cha 20, Uvinza cha 26 na Kigoma cha 32. Vyumba 26 vilivyobaki vipake rangi nne kwa kufuatana bila kubadilisha mpangilio: bluu kwa ziwa, mito na wanyama, nyekundu kwa historia, njano kwa jikoni, shamba na soko, kijani kwa maneno, methali na hesabu. Rangi ya chumba ulichosimama ndiyo inayochagua rundo la kadi. Ukiwa stesheni, unachagua rundo mwenyewe.

Kwa uti wa ubao, tumia kadibodi ya boksi. Kata vipande vinne vya sentimita 29.7 kwa 42. Ukichungulia ukingo wa kadibodi utaona vimfereji vimelala upande mmoja. Unapobandika vipande viwili viwili, hakikisha vimfereji vya kimoja vinakata vya mwenzake kama msalaba. Vikilala upande mmoja, ubao utapinda ndani ya wiki, hasa ukiuweka karibu na ziwa ambako hewa ina unyevu. Gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo na kupakwa nyembamba kwa kipande cha sponji ndiyo inayofaa. Uji wa unga wa ngano unashika pia, lakini una maji mengi, unakunja karatasi na mende wanaupenda. Weka chini ya mzigo, ndoo ya maji juu ya ubao bapa inatosha, na uache usiku kucha.

Nusu mbili ziunganishe kwa selotepu pana ya uwazi, upande wa juu wenye mchoro. Kosa la kawaida ni kubandika upande wa nyuma. Hapo ubao unakataa kujikunja michoro ikitazamana, kwa sababu unene wa kadibodi unagongana katikati, na ukilazimisha selotepu inachanika. Kwa vipimo vilivyotajwa, kiungo kinapita kati ya chumba cha nne na cha tano bila kukata chumba chochote. Mwisho funika uso mzima kwa nailoni ya kufunikia madaftari. Chai itamwagika.

Kadi: kijito, mto na ziwa

Kila kadi ina maswali matatu ya jambo moja. *Kijito* ni la darasa la kwanza hadi la tatu, *Mto* ni la darasa la nne hadi la saba, *Ziwa* ni la sekondari na wakubwa. Mtoto anaruhusiwa kupanda ngazi kwa hiari yake, na akipatia anapewa zawadi ya kadi moja ya mji (kazi ya kadi hizi imeelezwa chini ya "Nipe mji"). Kushuka hakuruhusiwi. Wote wanasogea kwa dadu ile ile: mtoto aliyejibu swali la kijito na mjomba aliyejibu la ziwa hawatofautishwi hatua. Ukianza kuwapa wakubwa hatua zaidi kwa sababu swali lao ni gumu, umerudisha kwa mlango wa nyuma ule ukosefu wa usawa uliotaka kuuondoa.

Mfano wa kadi nyekundu:

Kijito: Liemba ni gari moshi, meli au ndege? (Meli.)
Mto: Liemba ni meli ya ziwa gani? (Tanganyika.)
Ziwa: Kabla ya kuitwa Liemba, meli hiyo ya Wajerumani ilipewa jina la nani? (Graf von Götzen, aliyekuwa gavana, anayesema Goetzen tu amepatia.)

Na kadi ya bluu:

Kijito: Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya chumvi au baridi kama ya mto? Chagua. (Baridi.)
Mto: Nchi ngapi zinagusa Ziwa Tanganyika? (Nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia.)
Ziwa: Ni ziwa gani pekee duniani lenye kina kuliko Tanganyika? (Baikal, Urusi.)

Swali la Kijito kwenye kadi ya pili lina dosari moja: chaguo ni mawili, kwa hiyo mtoto anayebahatisha anapatia nusu ya mara. Weka chaguo matatu kila unapoweza, kama kwenye kadi ya Liemba.

Anza na kadi 30 kwa kila rangi, yaani kadi 120 na maswali 360. Zinasikika nyingi, lakini mchezo mmoja unakula kadi 72, na zikipungua watu wataanza kujibu kwa kukariri. Karatasi moja ya A4 inatoa kadi nane za sentimita 7.4 kwa 10.5, hivyo kadi 120 ni karatasi 15. Ongeza karatasi tatu za kadi 24 za stesheni na tatu za kadi 24 za miji: jumla 21. Tumia manila ya rangi. Majibu yanaandikwa upande ule ule wa maswali, chini, kwa kuwa msomaji peke yake ndiye anayeshika kadi. Karatasi nyeupe ya kawaida haifai; msomaji akikaa mgongo kwa taa, maandishi yanaonekana kwa nyuma na mtoto mwenye macho makali atayasoma. Herufi ziwe za ukubwa wa 12 na swali lisizidi maneno 18, ndipo yote matatu yanaenea na babu anasoma bila kuhangaika na miwani.

Maswali mazuri na mabovu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa usiwe na haraka.

Swali liwe na jibu moja. "Samaki gani anapatikana Kigoma?" ni swali bovu: atakayesema mgebuka, kuhe, sangala au dagaa, wote wamepatia. Lirekebishe: "Samaki gani wadogo wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani?" Sasa jibu ni dagaa, na aliyewahi kuona taa za wavuvi zimejipanga ziwani usiku usio na mwezi anaweza kulifikia hata kama hakufundishwa shuleni. Uzuri wa swali uko hapo: mtu aweze kulitafuta kichwani, asiishie tu kujua au kutojua.

Epuka majibu yanayobadilika. Idadi ya watu, majina ya viongozi walio madarakani, idadi ya wilaya, rekodi za michezo: vyote vitakuwa vimepitwa na wakati kabla vizibo havijachubuka rangi. Kitabu cha zamani kitakuambia Mpanda iko mkoa wa Rukwa. Tangu mwaka 2012 iko Katavi. Ukitaka kuuliza jambo la aina hiyo, funga mwaka ndani ya swali.

Chunguza tarehe kabla ya kuzitumia. Stanley aliandika kwamba alimkuta Livingstone pale Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, lakini siku hiyo hailingani na shajara ya Livingstone. Uliza mwaka, usiulize tarehe. Na kwa jumla, tarehe tupu ni swali la kuchosha. Badala ya "Reli ilifika Kigoma mwaka gani?", uliza: "Reli ilifika wapi mwaka 1912, miaka miwili kabla ya Kigoma: Dodoma, Tabora au Morogoro?" Jibu ni Tabora, na aliyekosa ameondoka na ramani kichwani.

Gawa ujuzi. Ukiandika maswali yote kutoka vitabu vya shule, anayesoma sasa atawashinda wote. Rundo la njano lipo ili bibi naye atambe: "Michembe na matobolwa ni viazi vitamu vilivyoanikwa. Vipi huchemshwa kwanza?" (Matobolwa.) "Mafuta ya mawese hukamuliwa kutoka tunda la mti gani?" (Mchikichi.) "Mistari ya punje kwenye gunzi la mahindi kwa kawaida ni shufwa au witiri?" (Shufwa. Weka magunzi mawili karibu, kwa sababu watataka kuhesabu, na waache wahesabu.) Kwa wazee wanaokumbuka siasa za uhuru: "Mwaka 1958 TANU ilikubali, mkutanoni Tabora, kuingia uchaguzi wa kura tatu. Uamuzi huo unaitwaje?" (Uamuzi wa Busara.)

Na kila jibu lithibitishwe mara mbili, kwenye vitabu viwili tofauti au kwa watu wawili wanaofanya kazi hiyo. Swali la uvuvi mpelekee mvuvi, la asali mpelekee mrina asali wa Tabora. Kadi moja yenye jibu la uongo inafanya watu wazitilie shaka zote.

Nipe mji

Watoto wetu wanajua kanuni ya vitendawili: aliyeshindwa hutoa mji, ndipo aambiwe jibu. Tumeichukua kama ilivyo. Kila timu inaanza na kadi nne za miji: Kasulu, Kibondo, Kakonko, Ujiji, Nzega, Igunga, Sikonge, Mpanda, na mingine mnayoijua. Nane zilizobaki zinakaa benki. Msomaji wa swali anatoka timu iliyo kulia kwa wanaojibu. Timu ikikosa, msomaji anasema "Nipe mji!", anapokea kadi moja, kisha anasoma jibu. Sehemu hii watoto wadogo wanaipenda kupita zote, hivyo waachie wao waseme. Timu isiyo na mji haitozwi. Jibu linasomwa bure. Bila kanuni hiyo, timu iliyo nyuma inazidi kudidimizwa.

Mji pia unanunua msaada. Anayejibu akikwama, timu inatoa mji mmoja kwa msomaji na mwenzake anaruhusiwa kusema. Mtoto anajifunza kupima: nitoe mji sasa, au nijaribu mwenyewe?

Kanuni hii ina hatari yake. Msomaji anafaidika wenzake wakikosa, kwa hiyo ataanza kusoma mbio mbio au kumeza maneno. Weka sharti kwamba kila swali linasomwa mara mbili, na muda unaanza kuhesabiwa baada ya mara ya pili.

Stesheni

Kete ikifika stesheni inasimama, hata kama dadu ilitaka iendelee. Hilo linawapa walio nyuma nafasi ya kusogea. Timu ya kwanza kufika kila stesheni inafungua kadi ya stesheni, na timu zote zinacheza. Zinazofuata zinasimama tu bila kufungua kadi. Mkiruhusu kila timu ifungue, mtakuwa na michezo 16 badala ya minne na usiku hautatosha.

Katika kadi 24, nane ni vitendawili, nane ni vya kuigiza bila kusema (kusukuma mtumbwi, kukamua mawese, kufukuza nyuki), na nane ni vya kukadiria. Hivi vya mwisho vina nguvu ya pekee. "Ziwa Tanganyika penye kina kirefu zaidi ni mita ngapi?" Kila timu inaandika namba kwenye karatasi, zinafunuliwa pamoja, iliyo karibu zaidi na 1,470 inapata mji kutoka benki. Hakuna anayejua kamili, kwa hiyo mtoto na profesa wanakaribiana. Kwa vitendawili, usijaze vile vya vitabuni ambavyo kila mtu anajibu kabla hujamaliza kutega. Omba vya Kiha na Kinyamwezi kwa wazee, uviandike kwa Kiswahili.

Vitu vidogo

Dadu nunua pamoja na seti ya ludo. Ya kuchonga nyumbani huegemea upande mmoja. Vizibo vya soda vipakwe rangi nne za kucha, na viwekwe upande wa meno chini visiteleze.

Kipima muda cha sekunde 30 kinatengenezwa kwa chupa mbili ndogo za plastiki. Gundisha vizibo viwili mgongo kwa mgongo, toboa tundu la milimita 3 katikati kwa msumari uliopashwa moto, tia mchanga, unganisha chupa. Mchanga wa ziwani lazima ukaangwe kwenye sufuria hadi ukauke kabisa, kisha uchekechwe kwa chujio la chai. Ukiwa na unyevu unakwama kwenye tundu. Chumvi usitumie, inavuta maji kutoka hewani. Pima kwa saa, ongeza au punguza mchanga hadi zifike sekunde 30. Simu inaweza kufanya kazi hiyo, lakini simu iliyo mezani ina majibu yote ndani yake.

Kujaribu kabla ya kuchapisha

Mchezo wa kwanza uchezwe kwa ubao wa penseli na kadi za kuandikwa kwa mkono. Nyuma ya kila kadi weka alama ya vema au mkasi karibu na ngazi iliyojibiwa. Baada ya michezo kadhaa, swali ambalo kila aliyeulizwa amepata lishushwe ngazi, na ambalo hakuna aliyepata lipewe chaguo matatu au liondolewe. Kisha wape mchezo watu wa nyumba nyingine pamoja na karatasi ya kanuni, ukae pembeni bila kueleza chochote. Kila wanapouliza "sasa hapa inakuwaje?", sentensi hiyo ya kanuni haijaeleweka, iandike upya.

Ubishi wa majibu utatokea, na mara nyingi mbishi atakuwa mzee mwenye sababu nzuri. Kanuni: kwa usiku huo jibu la kadi ndilo linalosimama, kadi inawekwa pembeni, na kesho yake inachunguzwa. Mzee akiwa sahihi, kadi inarekebishwa na yeye ndiye anayeandika jibu jipya kwa mkono wake.

Timu ya kwanza kufika Kigoma haihitaji namba kamili ya dadu. Inachagua rangi yoyote, inajibu swali moja la bandarini kwa ngazi ya mwenye zamu, na ikipatia imeshinda. Ikikosa inatoa mji na kungoja zamu inayofuata. Timu mbili zikifanikiwa katika mzunguko mmoja, yenye miji mingi ndiyo mshindi.